Sarafu za Kuchovya na Miiba ya Uani

Kazini walikuwa wakiniambia nina mikono mizito, na sikatai. Ofisi ambazo mwenzangu alimaliza kuzisafisha kwa saa mbili, pale Kista, Stockholm, mimi zilinichukua mbili na nusu, kwa sababu nikiliona doa siwezi kulipita. Msimamizi wetu hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha saa yake kwa upole, tena mara nyingi, na nina hakika hata yeye alikuwa na mtu wa kumwonyesha saa. Naanza na hilo ili ijulikane kwamba haya nitakayoeleza hayakunijia kwa akili wala kwa kisomo. Shule yangu iliishia darasa la sita, katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, chini ya turubai. Yalinijia kwa sababu ya uzito wa mikono.

Nadhani ilikuwa mwaka 2008. Daftari langu la wakati huo ninalo, lakini nilikuwa na tabia ya kuandika siku bila kuandika mwezi, kwa hiyo mahali pengine nakisia tu.

Jengo letu la Fittja, mtaa tunaokaa, lina chumba cha kufulia huko chini, na kila nyumba ina zamu yake. Unaweka kifuli chako kwenye ubao, penye siku na saa unayotaka, na ukizidisha dakika kumi utakuta umebandikiwa karatasi ya kukuonya, yenye heshima nyingi na alama nyingi za mshangao. Siku hiyo nilikuwa nimeshafua, ila nilibaki na kitambaa cha meza cha kanisa letu kilichomwagikiwa nta ya mshumaa. Nilikuwa naitoa kwa ukucha, chembe kwa chembe, ili nyuzi za maua zisikatike. Mara akaingia mwenye zamu ya baada yangu: mzee wa Kiswidi wa ghorofa ya kwanza, aliyefiwa na mkewe. Muda wangu ulikuwa umekwisha. Nikaanza kukusanya vitu haraka haraka, naye akasema, "Endelea." Akakaa kwenye kiti cha plastiki akanitazama, kichwa kakiinamisha upande kama kuku anayesikiliza. Nikajua ananidharau. Nimeandika hivyo hivyo daftarini, *ananidharau*. Nilimkosea.

"Kwa nini hutumii kisu?" akaniuliza.

"Kisu hakijui nta inaishia wapi."

Akacheka kidogo. Kisha akaniuliza kama nina haraka. Mimi, mtu wa kuonyeshwa saa, sikuwahi kuulizwa swali hilo nchini humu. Nikasema sina. Akasema basi, nguo zake zikishaingia kwenye mashine, nije kwake ninywe kahawa, ana kitu cha kunionyesha. Miaka saba tulikuwa tumepanda ngazi moja na hatukuwahi kuvuka salamu.

Alitaka nimwite kwa jina lake, kama desturi yao. Huku hata daktari anaitwa kwa jina. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita "mzee", nikamfafanulia maana yake, akafikiri, akasema haina ubaya kwa sababu ni kweli.

Kitu chenyewe kilikuwa kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na sarafu arobaini, ingawa mtu asingejua kuwa ni sarafu. Zilikuwa vidonge vya udongo, kijani na kahawia, kama maganda ya mkate ulioungua. Mkewe alimnunulia kwenye mnada zamani, wakakubaliana watazisafisha pamoja akistaafu. Mkewe hakufika huko. Mikono ya mzee ikaanza kutetemeka. Kisha macho.

"Daktari anasema katikati panakufa," akaniambia, "pembeni patabaki. Nikitazama uso wako siuoni. Nikitazama sikio lako, uso naupata."

Ndipo nikaelewa ile shingo ya kuku. Nikaona aibu, nikanywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja.

Alichotaka ni hiki: aone nyuso zilizomo chini ya ule udongo kabla macho hayajakataa kabisa. Nikamwambia kuna wataalamu wa mambo hayo, mimi ni mfagiaji. Akasema sarafu zenyewe ni za kawaida, za Warumi wa miaka elfu moja na mia saba iliyopita, ziko tele duniani, na hakuna mtaalamu atakayekaa wiki tatu na sarafu ya kawaida. "Lakini hizi zina ugumu wake," akasema. "Serikali yao ilikuwa imeishiwa. Wakapiga sarafu za shaba, halafu wakazivika fedha juu, nyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, ili askari akipokea mshahara aone kitu cheupe."

"Kumbe za kuchovya!" nikasema. Nikamweleza pete za kuchovya zinavyouzwa kwetu, na jinsi bwana harusi mmoja alivyotiwa kidole kijani kabla ya keki kukatwa. Alicheka mpaka akajifuta macho. Tangu siku hiyo hata yeye alikuwa akisema "kuchovya", kwa Kiswahili, akilitamka kwa bidii kama mtu anayevuka barafu.

Masharti yake niliyaandika, na bado ninayo. Usitumie maji ya bomba. Tumia yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa ajili ya pasi na betri za gari. Kila sarafu iloweshwe, maji yabadilishwe yakichafuka, hata kama ni mwezi mzima. Ishike ukingoni, si usoni. Udongo ukishalainika, uutoe kwa kijiti cha mti kilicholowa, au brashi ya nywele laini, chini ya lenzi. Isiguswe na chuma, siki, limau, chumvi, wala unga wa kusugulia. Na la mwisho, alilolirudia mara tatu: ukiona weupe, acha. Weupe ndio ngozi yenyewe, chini yake hakuna kitu tena.

Nikapanda nyumbani na sarafu kumi na mbili za kuanzia. Nikazipanga kwenye sahani sita dirishani jikoni. Kwa kweli nilifurahi kuliko nilivyostahili. Nilitoka kazini saa sita mchana, nikawahi mwanga, nikakaa na lenzi ya mzee na vijiti vya meno, na hakuna aliyenionyesha saa. Sarafu ya kwanza ilinichukua siku tisa. Ikatoka ndevu, kisha pua, kisha miale ya taji, na katikati ya udongo kipande cheupe kidogo kama mwezi wa asubuhi. Mzee aliisogeza pembeni ya jicho, akaizungusha, akasema, "Pua kubwa." Alikaa nayo mkononi muda wote niliokuwepo.

Mwezi uliofuata mama mkwe wangu akaja kutoka Kigoma kukaa nasi.

Lazima niwe mwangalifu hapa, maana mkwe akimweleza mama mkwe ni rahisi kuteleza. Mama yake mume wangu ni mtu wa kazi. Amelima, amechota maji, amezalisha wanawake wenzake kambini. Akafika Stockholm na baridi yake, na kila alichokishika tukamwambia, "Pumzika, mama." Tulidhani tunampa heshima, kumbe tulikuwa tunamnyang'anya mikono. Mjukuu wake akimsalimu kwa Kiswidi, anamjibu kwa Kiswahili, wote wawili wanaridhika, lakini hiyo haijazi siku nzima.

Zile sahani zilimuudhi tangu mwanzo.

"Mkwe wangu, hizi sahani sita zina matope, na hakuna anayekula. Mgeni akiingia?"

"Vinaoshwa, mama."

"Vinaoshwa na nani? Siku ya nne leo sijaona mtu akisugua."

Hapa ndipo pananisumbua. Daftari langu linasema nilimwambia, "Usiviguse, ni vya watu." Mama anaapa nilisema "vinaoshwa" tu, nikakimbilia treni. Nimelisoma lile daftari mara nyingi, na mwandiko wa sentensi hiyo ni wa kalamu nyingine, kama mtu aliyeiongeza baadaye. Basi nakiri kwamba huenda mama ndiye mkweli.

Sababu ya kutomweleza vizuri naijua. Niliona haya. Nilidhani atasema, mtu mzima amevuka bahari kuja kusafisha udongo wa sarafu za watu waliokufa.

Mama alizoea kusugua vyombo kwa majivu. Majivu aliyapata wapi, kwenye nyumba ya jiko la umeme? Uani kwetu watu huchoma nyama kiangazi, kila familia na masizi yake, na vuli ilikuta majivu yamebaki. Mama alishuka akayazoa, akayachekecha kwa kitambaa, akayatia kwenye kopo tupu la kahawa chini ya sinki. Sabuni ya maji hakuiamini. Alisema inateleza tu, haisemezani na uchafu.

Siku niliyorudi nikakuta mlango umeshafunguliwa kabla sijatoa ufunguo, nilijua ana jambo.

"Fumba macho," akasema. "Fumba, mkwe wangu. Usichungulie."

Akanishika mkono mpaka jikoni kama bibi arusi. Nikafumbua. Mezani palikuwa na kisahani kimefunikwa kitambaa chake cha kufuma, kile alichokuja nacho begini kwa ajili ya zawadi. Akakifunua. Sarafu tano, nyekundu, zinawaka kama sufuria ya shaba siku ya kwanza.

"Kumbe ni nyekundu!" akasema. "Ulikuwa hujui, eh? Majivu na limau na dodoki. Robo saa tu! Na wewe unahangaika nazo mwezi."

Niliishika moja ukingoni, kwa mazoea. Uso wa mfalme ulikuwa umelainika kama sabuni iliyokaribia kwisha. Hapakuwa na hata chembe nyeupe. Nikaketi sakafuni. Mama akadhani ni furaha, akanipigia kigelegele.

Sikumwambia. Niliingia chumbani kwa mume wangu aliyekuwa amerudi kutoka zamu ya basi, nikamweleza kwa kunong'ona. Mume wangu ni mwaminifu kuliko mimi katika mambo mengi, na alilosema alilisema kwa kunihurumia: "Si umesema mzee haoni katikati? Mpelekee tu, sema ndivyo zilivyotoka."

Nisijifanye malaika. Nililifikiria neno hilo kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja. Uongo ungepita. Yule mzee alikuwa na macho ya kutosha kuona nyuso chache zilizobaki, na zile tano asingeziona kamwe, na asingejua amekosa nini. Hicho ndicho kilichonishinda. Kumwibia mtu anayeona ni wizi, lakini huu sikuwa na jina lake.

Mama akawa amesimama mlangoni. "Nani haoni?" akauliza.

Nikamweleza yote, sasa, nilipokuwa nimechelewa: mkewe, kopo, macho. Aliketi kitandani. Mikono yake, ambayo haitulii, ikatulia.

"Basi twende," akasema.

"Mama, niache niende peke yangu."

"Chungu nimevunja mimi. Wewe utampelekea vigae vya nani?" Akasimama. "Ila mikono mitupu haiendi kuomba radhi. Ngoja."

Akakanda maandazi. Nilitaka kufa kwa kungoja, naye anakanda.

Mzee alitufungulia akitazama masikio yetu, akafurahi kuona wageni, akaweka kahawa. Mama alikinusa kile kikombe akaniambia kwa sauti ndogo kwamba baba yake huko Burundi alilima kahawa maisha yake yote, na hii ndiyo mara ya kwanza anapewa ainywe. Akanywa. "Kumbe ndiyo hii waliyokuwa wakituchukulia," akasema. "Ni chungu. Wangetuachia tu, tusingeinywa." Sikuitafsiri. Niliweka kisahani mezani nikasema nilichokuja kusema.

Alizichukua moja moja. Aliinamisha kichwa, akazipitisha pembeni ya jicho, kisha akaacha kutazama akazipapasa kwa kidole gumba. Nje basi lilisimama, likaondoka.

"Hizi hazirudi," akasema.

"Najua."

"Ngapi?"

"Tano."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angefoka. Alisema tu kwamba ananishukuru kwa kumwambia ukweli, na kwamba kesho nimrudishie zilizobaki kwenye sahani, atatafuta njia nyingine. Alikuwa na haki, na nimeandika hivyo siku ile ile, *ana haki*.

Mama akanishika goti. "Anasemaje?"

"Anataka zake, mama."

"Hebu nieleze tena. Pole pole. Alikuwa anataka zifanywe nini?"

Na pale, mbele ya mtu niliyemharibia, ndipo nilipomweleza mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza kama ninavyomweleza mtu mwenye akili. Uchafu uko juu. Chini ya uchafu kuna ngozi nyembamba. Chini ya ngozi kuna nyama nyekundu ambayo haitakiwi kuonekana. Unatakiwa kuutoa uchafu, wote, bila ngozi kujua.

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Sasa kwa nini hukuniambia hivyo? Unaniambia vinaoshwa! Hiyo si kuosha. Hiyo ni kutoa funza."

Mzee akauliza anasemaje. Kiswidi changu hakina neno la funza, sijui kama Kiswidi cha mtu yeyote kinalo. Nikasema ni kiroboto kidogo, kinaingia kwenye kidole cha mguu, kinajenga mfuko wa mayai chini ya ngozi, unakua kama punje ya dengu. Mzee akaliweka andazi lake mezani.

"Mwambie hivi," mama akasema, amesogea mbele ya kiti. "Mjinga anatoboa. Akitoboa, mfuko unapasuka, mtoto analia, na uchafu unabaki ndani. Anayejua anazunguka. Anazunguka pembeni, anazunguka, mpaka wenyewe unalegea, halafu anauinua mzima. Mtoto anaendelea kula muhogo wake."

Nilitafsiri. Nikaongeza la kwangu, kwamba kambini watoto walipanga foleni mlangoni kwake kila Jumamosi, na mimi nilikuwa kwenye foleni hiyo, kabla sijajua kwamba ana mwana atakayenioa. Sikuwahi kulia.

"Anatumia nini?" mzee akauliza.

"Pini. Au mwiba."

"Chuma hapana."

"Kasema chuma hapana, mama."

"Basi mwiba! Nani kamlazimisha chuma?"

Mzee aliinamisha kichwa upande. Kisha akaingiza mkono kwenye kopo, akapapasa, akatoa moja mbaya kuliko zote, imekuwa jiwe kabisa. Akasema hiyo hakuitarajia itoe chochote. Akampa mama, si mimi.

Uani kwetu kuna vichaka vya waridi mwitu, vile vyenye matunda mekundu hata theluji ikianguka. Asubuhi iliyofuata nilimwona mama huko chini, amevaa koti la mume wangu na soksi mbili mbili, anachagua miiba kama anayechagua dagaa sokoni: anaubonyeza, anautupa, anachukua mwingine. Alirudi na kumi na minne. Akaifunga kwa uzi kwenye vijiti vya kiberiti, mmoja mmoja.

Lenzi aliikataa siku ya kwanza, akasema macho yake hayaombi msaada. Siku ya pili akaijaribu, na nusu ya mwanga wa mchana ikapotea kwa kutazama kidole chake, sukari, na ndani ya sikio langu, ambalo alisema nalo linahitaji mwiba. Vuli ya huku mwanga ni kuanzia saa nne hadi saa nane, basi. Alikaa dirishani saa hizo zote. Alikuwa analowesha, anazunguka, anapuliza, anazunguka. Mimi nilibadilisha maji.

Hapo lazima nikiri jingine. Niliona wivu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza katika nchi hii ambayo uzito wangu ulikuwa sifa, na sasa namshikia mtu sahani. Jumapili ile kanisani nilimwomba Mungu anisamehe, na nilipofumbua macho bado nilikuwa naona wivu kidogo.

Siku ya tano nilikuwa namenya viazi nikasikia anasema taratibu, kama hataki kumwamsha mtu:

"Mkwe wangu. Njoo. Kameota jino."

Kipande cha udongo kama ukucha wa mtoto kilikuwa kimeinuka kizima, kinaning'inia kwenye mwiba. Chini yake palikuwa peupe, peupe pasipo mkwaruzo, na katika weupe huo jicho la mtu, limefumbuka. Wivu wangu sijui ulikwenda wapi. Tulishikana tukaruka jikoni, wanawake wawili wazima, mpaka jirani wa chini akagonga bomba.

Tuliishusha kwa mzee ikiwa imetoka nzima. Aliishika ukingoni. Aliinamisha kichwa, akageukia dirisha, akarudi, akageuka tena. Ilikuwa na fedha karibu uso wote. Akamtazama mama kwenye sikio lake la kushoto, muda mrefu, halafu akainuka, akaleta kopo lote akamwekea mapajani.

Tangu hapo ikawa kila Alhamisi tunashuka na zilizokwisha, na maandazi. Sikuwa na kazi ndogo, nisijidharau kupita kiasi: nilibadilisha maji, nilisoma herufi, nilitafsiri ugomvi. Maana waligombana sana. Mzee alimfundisha neno moja la Kiswidi, *stopp*, la kusema akiona weupe, na mama akaanza kulitumia nyumbani nikitia chumvi kwenye maharage. Naye alimfundisha mzee kusema "pole pole", na mzee akawa anamwambia hivyo anapomimina kahawa.

Zile tano nyekundu mzee hakuzitupa. Alizipanga kwenye trei pamoja na nyingine, akaandika karatasi ndogo kwa herufi kubwa. Mama akaniuliza imeandikwa nini.

"Zimeoshwa kwa majivu na limau, Fittja."

Akaigusa ile karatasi. Kisha akasema, "Mwambie aongeze: kwa nia njema."

Mzee akaongeza.

Kumi na moja hazikuwa na fedha hata kidogo. Ardhi ilikuwa imeila kabla sisi sote hatujazaliwa. Mama alinitaka niandike hilo daftarini nikiwa mbele yake, ili asije akasingiziwa.

Lakini macho hayakutungoja. Mwezi wa pili mzee alikuwa bado anaona herufi za ukingoni. Wa tatu, akawa anauliza ni mwanamume au mwanamke. Mama aliongeza saa za kazi. Mwanga ulikuwa unarefuka, naye aliufuata dirisha hadi dirisha, jikoni asubuhi, chumbani kwetu alasiri. Ikabaki moja. Aliikalia siku kumi na saba, na nilipomwambia apumzike aliniambia *stopp*.

Tulishuka nayo Jumanne, hatukungoja Alhamisi. Mzee akaishika, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. Akasema, "Naona nyeupe." Akajaribu tena. "Naona nyeupe tu."

Mama akauliza anasemaje, nikamwambia.

"Mwambie ni mwanamke," mama akasema. "Mke wa mfalme, kakaa kama yuko juu ya mwezi mchanga. Amesukwa. Mwambie aangalie nywele, ziko pembeni kabisa, nyuma ya kichwa. Asihangaike na uso, uso ni wa kawaida."

Nilitafsiri. Mzee akaacha kutafuta uso. Akautafuta ukingo, kidogo kidogo, akiizungusha ile sarafu kama mtu anayefungua kifuli kigumu, mpaka nyuma ya kichwa ikaingia mahali macho yake yalipobaki. Akasimama hivyo, shingo imepinda, hapumui.

"Misuko," akasema. "Inapanda kutoka shingoni. Inakunjwa juu. Naihesabu. Moja, mbili, tatu..."

"Nne," mama akasema, nilipomwambia. "Wa nne umelegea. Aliyemsuka alikuwa na haraka."

Mzee alicheka, akakosa mahali ilipo misuko, akaitafuta, akaipata tena. Akauliza kichwa kama hicho kinasukwa kwa muda gani.

"Siku nzima," mama akasema, "kama kichwa hakina kelele."

Basi tukakaa. Kahawa ikapoa, mama akaimaliza yake na ya kwangu. Kila mara mzee alipoipoteza ile misuko alisema, "Pole pole," akijiambia mwenyewe, akaanza tena ukingoni.